Tukitoka Riyadha, Tunarudi na Nini?

Nakala ya mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kwenda Maulidi ya Lamu



Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu zangu, dada zangu, shukran kwa kuja. Najua wengi wenu mko mguu ndani mguu nje, safari ishaiva. Mfunguo Sita umeingia, na kila mwaka siku kama hizi swali ni moja tu kwenye simu zetu: "Waenda Amu?" Mabasi yanakodishwa kutoka Mombasa, Malindi na Tana River. Wengine wanatoka Tanga na Unguja, wengine Ngazija. Mtashuka Mokowe, mtapanda boti, mtaingia mjini na harufu ya udi itawapokea. Mtaona mashindano ya punda, mbio za mashua, bao na kirumbizi. Usiku mtakaa nje ya msikiti wa Riyadha, na matari yakilia mtasahau uchovu wote wa safari. Na siku ya zefe mtakwenda makaburini kumzuru Habib Swaleh, kisha mtarudi mjini kwa kasida, kanzu nyeupe mpaka macho yanashindwa kuhesabu.

Hayo yote mazuri. Allah awafikishe salama. Lakini leo nataka tuulizane jambo moja kabla ya mabegi kufungwa. Huyu tunayekwenda kumzuru, alifanya nini?

Ukiwauliza vijana wengi, jawabu ni hili: "Ni sharifu. Ni walii. Ana baraka." Sawa, sikatai. Lakini masharifu walikuwa wengi Lamu kabla yake na baada yake. Misikiti nayo haikuanza na yeye. Ule Msikiti wa Pwani huhesabiwa kuwa wa mwaka 1370, yaani ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 500 Riyadha ilipojengwa. Kwa nini basi watu wavuke bahari kila mwaka kuja kwa huyu mmoja, kwenye msikiti mmoja, mtaa wa Langoni? Kuna kitu alikifanya. Na kitu hicho, sisi tunaojiita watetezi wa haki, tunapaswa kukijua zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Habib Swaleh, jina lake kamili Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalil-leil, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Alifika Lamu kijana, akiwa na jamaa zake pale. Sasa jaribuni kuiona Lamu ya wakati ule. Mji wa mawe upande wa Mkomani, nyumba za ghorofa, milango ya nakshi, wenyewe wakijiita waungwana. Upande wa kusini, Langoni, nyumba za udongo na makuti: wageni, Wangazija, Washihiri, Wabajuni, mafundi, wachukuzi, na watu waliokuwa watumwa au wazao wa watumwa. Ng'ambo, mashambani, watumwa wakilima.

Kwenye miji ya Pwani siku hizo, hata mavazi yalikuwa yakisema wewe ni nani. Kofia, viatu, ukaya wa mwanamke, vyote vilikuwa alama za uungwana. Na elimu vilevile. Elimu ya juu ya dini, tafsiri, fiqhi, nahau, ilikuwa imekaa kwenye familia chache, ikirithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Mtumwa alikuwa Muislamu, anasali, anafunga. Lakini kukaa na kitabu mbele ya sheikh, akaulizwa na yeye akauliza, huo mlango alifungiwa.

Hapo ndipo Habib Swaleh alipoingia. Yeye alikuwa na nasaba ya Mtume (s.a.w.). Kwa hesabu za wakati ule, angekaa Mkomani kwenye baraza za wakubwa, akabusiwa mkono, yakaisha. Akaenda Langoni. Akakaa na watu wa Langoni, akala nao, akahudhuria ngoma zao, akawasomesha. Darsa yake haikuuliza mtu katoka tumbo gani. Aliyetaka elimu alikaa.

Sasa tazameni tarehe, maana hapa pana jambo. Mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja ulitiwa sahihi mwaka 1873. Kufunga soko ni kufunga biashara. Hali ya utumwa yenyewe, yaani mtu kuhesabiwa mtumwa mbele ya sheria, huku kwetu haikufutwa mpaka 1907. Miaka thelathini na zaidi katikati. Riyadha ilijengwa ndani ya miaka hiyo. Yaani Waingereza walipokuja kuandika kwenye karatasi kwamba mtumwa ni mtu huru, Langoni tayari palikuwa na mahali ambapo mtu yule alikuwa ameshakaa safu moja na wengine, akiwa na msahafu mkononi. Tukisomeshwa shuleni kwamba uhuru wa watumwa uliletwa na manuwari za Uingereza, tukumbuke na hili. Palikuwa na Muislamu, hapa hapa Pwani, aliyeifanya kazi hiyo kwa kalamu na subira, kabla ya sheria ya serikali kumfikia.

Na hakupongezwa. Wapo waliomwona anawaharibia mji. Wapo waliomlaumu kwa matari. Yeye ndiye aliyeieneza Lamu ile Maulidi ya Simtud-Durar, iliyotungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Wengi wetu tunaiita Maulidi ya Habshi. Ikasomwa kwa sauti za wengi na kwa matari, msikitini, na watu ambao kabla ya hapo ngoma zao zilidharauliwa. Wanazuoni walijadiliana sana juu ya jambo hilo, na mpaka leo wanajadiliana. Lakini tazameni hekima yake: aliwapokea watu pamoja na sauti zao. Hakuwaambia, "Nyamazeni kwanza, kisha ndiyo muingie."

Hata jina la msikiti lina maana yake. Seiyun kuna msikiti wenye jina hilo hilo, uliojengwa na Sayyid Ali al-Habshi. Na riyadh kwa Kiarabu ni mabustani. Bustani haioti yenyewe. Kuna mtu alilima, kuna mtu alichota maji. Wanafunzi waliosoma pale walitawanyika kusomesha mwambao huu na bara, mpaka nchi jirani. Watoto wa watu waliokuwa hawahesabiki wakawa walimu wa dini. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, wanawe wakashika darsa, na darsa haijakatika mpaka leo.

Ndugu zangu, jambo hili si la Lamu tu. Asili yake ni kwa Mtume wetu (s.a.w.). Mnaikumbuka Suratu Abasa. Mtume alikuwa na wakubwa wa Makka, akitaraji wasilimu, akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, maskini, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso. Kipofu yule hata hakuuona uso huo, lakini Mola wake aliuona, na aya zikashuka, zinasomwa mpaka Kiama. Aliyekuja anakimbilia elimu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa kwanza. Hiyo ndiyo darsa ya Langoni.

Na kwa vile tunazungumza makaburi, ngojeni niwakumbushe kaburi moja. Madina kulikuwa na mwanamke mweusi akifagia msikiti wa Mtume. Akafa usiku. Watu wakamzika, hawakumwamsha Mtume, kama kwamba jambo lenyewe dogo. Mtume akamkosa, akauliza. Akaambiwa amekufa. Akawauliza kwa nini hawakumpa habari, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake. Akaenda mwenyewe mpaka pale, akamsalia. Hadithi hii ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Mtume wa Allah, kiongozi wa umma, anatoka kwenda kutafuta kaburi la mfagiaji. Basi mkienda makaburini Lamu, mtajipanga kwenye kaburi la Habib, ni haki yake. Lakini pembeni yake wamelala watu wengi ambao majina yao hakuna ayajuaye. Waombeeni na wao. Yumkini wengine wao ndio waliobeba mawe ya msikiti ule.

Nikifika hapo najua kuna wenzetu wananitazama hivi. Wanasema: "Sheikh, haya mambo ya ziyara yana maneno." Ndiyo, yana maneno, na mimi siyakimbii. Tuko hapa vijana wa kila upande, wa maulidi na wasiosoma maulidi, na harakati hii ni yetu sote. Basi tusikizane.

Kuzuru makaburi, Mtume (s.a.w.) alikataza mwanzo, kisha akaruhusu, na sababu akaitaja: yanakumbusha akhera. Hapo hatugombani. Unamtolea salamu aliyelala, unamwombea dua, unajikumbusha kwamba na wewe kesho ni zamu yako. Kumwomba maiti akupe mtoto au kazi, hilo hata mashekhe wa Riyadha hawakufundishi. Anayetoa ni Allah peke yake. Na kuna neno limezoeleka, utalisikia, kwamba ukienda Lamu mara kadhaa ni kama umehiji. Tuliseme wazi: hija ni nguzo, ina mahali pake, siku zake na masharti yake, na hakuna ziyara yoyote duniani inayoshika nafasi yake. Nyanya zetu waliosema hivyo walikuwa maskini wanaoililia Makka wasiyoweza kuifikia. Tuwaelewe kwa huruma, tuwaombee, na sisi tusiligeuze kuwa fatwa.

Lakini na wewe unayepinga, shika adabu. Kumwita Muislamu mwenzako mshirikina kwa sababu umemwona amesimama makaburini akiomba dua ni jambo zito mbele ya Allah. Hujamsikia anasema nini. Tumeona video zinazorushwa, kijana anacheka wazee wakiwa kwenye zefe, anaandika matusi chini yake. Yule mzee unayemcheka huenda babu yake alifunguliwa kitabu mara ya kwanza na Habib Swaleh. Wewe umezaliwa mlango uko wazi, ndiyo maana hujui ulikuwa umefungwa. Sisi Waislamu wa Kenya tuna matatizo ya kutosha yanayotukuta sote bila kuulizwa madhehebu. Anayekusimamisha kwenye kizuizi barabarani hakuulizi kama unasoma maulidi.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Tukitoka Riyadha, tunarudi na nini? Halua, marashi na picha, hivyo tunavyo. Mimi naona kuna madeni matatu. Ukimzuru mtu, unazuru na kazi aliyoiacha.

Deni la kwanza ni baina yetu wenyewe. Utumwa ulifutwa 1907, lakini ulimi haujaufuta. Bado kuna mitaa, kijana msomi, mcha Mungu, akienda kuposa anaulizwa ukoo kabla ya dini. Bado kuna maneno ya kejeli tunayarushiana, huyu mtu wa bara, huyu mzalia, huyu Mwarabu koko, huyu si Mswahili kamili. Bado kuna misikiti ambapo mtu amesilimu miaka ishirini lakini anaitwa "yule mwana wa kusilimu", kama kwamba shahada yake iko kwenye majaribio. Wallahi, huwezi kulia machozi kwenye kaburi la Habib Swaleh siku ya zefe, kisha ukarudi nyumbani ukamkatalia mtu binti yako kwa sababu babu yake alikuwa mtumwa. Suratul Hujurat, aya ya 13, imeshaimaliza kesi hii: mbora wetu kwa Allah ni mcha Mungu zaidi. Haitaji Mkomani wala Langoni.

Na dada zetu nao. Mara nyingi kwenye shughuli zetu wao wanapika, wanachangisha, wanajaza mkeka wa nyuma, na vipaza sauti haviwafikii. Ukikutana na kamati ya msikiti, uliza: dada zetu wana darsa? Wana mwalimu? Wana mahali pa kusalia panapostahili, au wamepewa stoo? Mtume alilitafuta kaburi la mwanamke mfagiaji. Sisi tunashindwa kumtafutia dada aliye hai nafasi ya kusoma.

Deni la pili ni kitambulisho. Habib Swaleh alikuja Lamu mgeni kutoka Ngazija, akahesabiwa mwenyeji. Leo kuna watoto waliozaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa, wanahesabiwa wageni. Kwa miaka mingi kijana Muislamu wa Lamu, wa Garissa, wa Mandera, wa Kibra, akienda kuomba kitambulisho aliketishwa mbele ya kamati, akaulizwa hati ya babu, akaambiwa njoo kesho, na kesho yenyewe ikawa mwaka. Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa uhakiki huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Alhamdulillah, tunashukuru. Lakini tangazo ni kitu kimoja na dirisha la ofisi ni kitu kingine. Bila kipande huna akaunti ya benki, huna kura, na safari yenyewe ya Lamu kwenye vizuizi inakuwa mashaka.

Kwa hiyo shikeni hizi. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, dini na asili zikitajwa kwa jina. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, ndugu zangu. Ukinyimwa, usipige kelele, usitukane mtu. Omba sababu iandikwe. Wewe mwenyewe andika tarehe, ofisi, ulichoambiwa, na uliyekuwa naye. Weka nakala za kila karatasi. Kisha njoo kwetu au kwa mwanasheria. Malalamiko yenye tarehe yana miguu. Ya maneno matupu yanalala barazani.

Deni la tatu ni ardhi na wakfu. Misikiti yetu, madrasa zetu, makaburi yetu, mengi ni wakfu wa watu waliokufa zamani. Waliutoa kwa kauli na nia njema, mashahidi wakiwa majirani. Majirani wamekufa. Wajukuu wamegawana. Mji umepanda bei. Siku moja mnaona ukuta umesimama upande wa makaburi, na mtu ana karatasi, nyinyi mna kumbukumbu. Mahakamani karatasi husemeshwa kwanza.

Lamu yenyewe ni mji wa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Ng'ambo yake pamejengwa bandari ya LAPSSET, na gati la kwanza lilifunguliwa 2021. Maana yake ni kwamba kila kipande cha ardhi huko sasa kinatazamwa kwa jicho jingine. Wala usidhani heshima ya mahali inajilinda. Takwa, kule Manda, ulikuwa mji wenye msikiti wake wa Ijumaa. Watu wa Shela bado huenda pale kwenye lile kaburi la mnara kuomba mvua, lakini mji wenyewe umebaki magofu, unalindwa na Makumbusho ya Taifa. Riyadha iko hai kwa sababu kuna wanafunzi ndani yake kila siku. Makumbusho yanaweza kutunza mawe. Darsa inatunzwa na watu.

Na msiseme hatuwezi. Mji huo huo wa Lamu umetuonyesha. Wavuvi walikwenda Mahakama Kuu kuhusu ujenzi wa bandari, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, 2019, mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko Lamu, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hayo hayakupatikana kwa hasira. Yalipatikana kwa watu kukaa vikao, kuandika, kukusanya sahihi, kwenda kortini, kuahirishiwa, na kurudi tena. Miaka. Hiyo nayo ni subira, na subira ya namna hiyo ina ujira wake.

Basi kila mmoja wenu, akirudi kwao, aende kwa kamati ya msikiti wake. Kwa adabu, awaamkie wazee vizuri, maana hawa ndio waliotutunzia amana mpaka leo. Aulize maswali manne tu. Wakfu huu una hati? Umeandikishwa kwa Tume ya Wakfu, Mombasa? Ardhi imepimwa, na mipaka yake iko kwenye ramani? Wadhamini waliotajwa wako hai? Mkikuta jawabu ni "hatujui", msiwalaumu wazee. Kaeni nao, chukueni maneno yao yaandikwe na yatiwe sahihi wakiwa na akili zao na afya zao. Mzee anayejua mpaka wa makaburi ulikuwa wapi ni kitabu, na kitabu hicho kikizikwa hakifufuliwi.

Hata Riyadha wamefanya hivyo kwa elimu yao. Zile hati za mkono za msikiti, vitabu vilivyoandikwa na kunakiliwa na wanazuoni, zimepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa British Library, ili wadudu na chumvi ya bahari visiwe na neno la mwisho. Wazee wa kanzu na kofia hawakuona haya kutumia kamera kulinda amana. Na nyinyi simu mnazo mchana kutwa. Mwaka huu, baada ya kupiga picha ya zefe, piga na picha ya ile hati iliyochakaa kwenye sanduku la msikiti wako.

Nimalizie kwa wale wanaosafiri. Nendeni na vitambulisho, muwe kwenye makundi, muwaambie nyumbani mko basi gani. Kwenye boti msizidishane, vaeni vile vijaketi vya kujiokoa hata kama vinakunja kanzu. Sala zisiwapite kwa ajili ya mashindano ya punda. Mji wa watu mnauingia, msiuache na takataka. Mkifika Riyadha, kabla ya kutafuta nafasi karibu na mimbari, tazameni ni nani amekaa nyuma kabisa, mgeni, asiyejua kasida, ambaye hakuna aliyempa mkono. Mpeni mkono. Mpisheni. Kwa kufanya hivyo mtakuwa mmemzuru Habib Swaleh ziyara aliyoitaka mwenyewe.

Ewe Mola wetu, mrehemu Habib Swaleh na wote waliosomesha kwa ajili Yako, na uwarehemu wale ambao majina yao hatuyajui na Wewe unayajua. Tuondolee kiburi cha ukoo vifuani mwetu. Walinde wasafiri wetu baharini na barabarani. Warudishe kwa mama zao vijana waliopotea. Ilinde misikiti yetu, makaburi yetu na nchi yetu, na utujaalie tuwe wenye kudai haki kwa haki. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.